Herufi Iliyokatwa

Programu ilikataa kuwaka. Kwenye kompyuta yangu ilitembea bila shida, ila nikiipeleka kwenye seva inamwaga ujumbe mrefu wa hitilafu kisha inazima. Nilipochoka kubahatisha, nikaliendea faili lenyewe, lile la .class linalotolewa na kompaila (programu inayotafsiri msimbo) ya lugha ya programu iitwayo Java, nikalifungua baiti kwa baiti kwa namba za heksadesimali, yaani za msingi wa 16. Lilianza hivi:

CA FE BA BE 00 00 00 3D

Jibu nililokuwa nalitafuta lilikuwa mwishoni mwa mstari. 3D kwa hesabu ya kawaida ni 61, na 61 ndiyo namba ya mafaili yaliyotengenezwa kwa Java 17. Seva ilikuwa na Java 8, ambayo haisomi chochote kinachozidi 52. Nikalitengeneza upya faili kwa toleo linaloeleweka na seva, kazi ikaisha.

Macho yangu, hata hivyo, yalibaki kwenye baiti nne za mwanzo.

CAFEBABE. Ni namba, tena namba halali kabisa. Lakini ukiisoma kama maandishi ni maneno mawili ya Kiingereza: mgahawa na mrembo. Kila faili la aina hii, popote lilipo duniani, huanza kwa baiti hizo nne, na mashine ya Java huzikagua kabla ya jambo lingine lolote. Zikikosekana, faili linarudishwa mlangoni.

Kwa wiki kadhaa sasa jambo hili limenikaa kichwani. Hii ni kazi isiyosamehe hata nukta mkato moja iliyosahaulika. Iweje watu wa kazi kama hiyo wakifika kwenye majina waanze kucheza?

## Kahawa ilikuja baadaye

Maelezo yanayotolewa haraka ni haya: Java kwa Kiingereza cha mitaani ni kahawa, kahawa hunywewa mgahawani, basi CAFE. Yanapendeza, na yanaelekea kuwa kweli.

Ila mpangilio wa matukio ni kinyume. Patrick Naughton, mmoja wa waliokuwemo kwenye timu ya kwanza, alieleza kwamba namba hiyo ilichaguliwa kabla jina la Java halijatamkwa na mtu yeyote kuihusu lugha hiyo. Naye James Gosling, aliyeibuni lugha yenyewe, alisimulia kwamba kulikuwa na mahali walipozoea kwenda kula mchana ambapo wao wenyewe walipapachika jina la Cafe Dead, kwa sababu ya bendi ya Grateful Dead. Siku moja akang'amua kwamba CAFEDEAD ni namba ya heksadesimali. Akaitumia kwa aina moja ya faili. Alipohitaji nyingine, akatafuta neno la herufi nne linaloweza kukaa baada ya CAFE, akapata BABE.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu.

Heksadesimali ina tarakimu 16: kumi za kawaida, kisha A hadi F. Herufi sita tu, na kati yake irabu ni mbili. Mtu mwenye alfabeti nzima mkononi hana haja ya kusaka neno. Mtu aliyeachiwa herufi sita anaanza kuzigeuzageuza, anagundua kwamba DEAD inawezekana, BEEF inawezekana, FACE inawezekana, na furaha ya kugundua inatokana na ule ufinyu wenyewe. Waandishi wa programu wamekuwa wakijaza sehemu tupu za kumbukumbu ya kompyuta kwa DEADBEEF kwa miaka mingi, na sababu ni ya kikazi: ukikutana na namba hiyo katikati ya lundo la sifuri unajua mara moja kwamba umeingia pasipotakiwa.

Nikaanza kujiuliza kama majina ya lugha zenyewe yamezaliwa hivyohivyo. Yaani mchezo wa maneno unachipuka pale jina linapobanwa.

## R, U, A

Mwaka 1975, pale chuo cha MIT cha Marekani, Gerald Sussman na Guy Steele walikuwa wanatengeneza lugha ndogo ya ukoo wa Lisp, lugha kongwe ya programu. Kabla yao, palepale MIT, kulikuwa na lugha iitwayo Planner, mpanga mipango. Sussman na mwenzake Drew McDermott hawakuridhika nayo, wakaleta ya kuikosoa, wakaiita Conniver, mla njama. Sussman na Steele wakapokea kijiti: yao ikawa Schemer, mwenye hila. Ukiyasoma majina hayo matatu kwa mfuatano unasikia mabishano ya kitaalamu. Kila jina linamjibu aliyetangulia, na kila jina linazidi kuwa jeuri kidogo.

Mfumo wa kompyuta waliokuwa wakiutumia, ITS, haukukubali jina la faili lenye herufi zaidi ya sita. Schemer ina saba.

R ikaanguka. Lugha inaitwa Scheme hadi leo.

Charles Moore, mtunzi wa lugha nyingine, naye aliona kwamba kompyuta za wakati wake zilihesabiwa kuwa za kizazi cha tatu, na kwamba alichokuwa amekitengeneza kilistahili kuitwa cha kizazi cha nne. Alitaka kukiita Fourth, neno la Kiingereza la "ya nne". Kompyuta yake, IBM 1130, iliruhusu majina ya herufi tano pekee. Akaitoa U. Forth, kwa bahati, ni neno kamili la Kiingereza lenye maana ya kusonga mbele, kwa hiyo jina lilipoteza herufi likapata maana ya pili.

Larry Wall ndiye aliyenifurahisha zaidi. Katika mwaka 1987 alikuwa anatafuta jina fupi lenye maana njema. Amesimulia kwamba aliyapitia maneno yote ya kamusi yenye herufi tatu na nne akayakataa. Mwishowe akakumbuka mfano wa Injili ya Mathayo, wa mfanyabiashara aliyeona lulu moja ya thamani kubwa, akaenda akauza vyote alivyokuwa navyo akainunua. Akaiita lugha yake Pearl, lulu. Kumbe kulikuwa tayari na lugha iitwayo PEARL, ya kuendeshea mitambo. A ikaondoka.

Perl. Herufi nne, nazo hazikuwa kwenye kamusi aliyoichambua.

Kilitungwa pia kirefu cha kuhalalisha jina hilo: Practical Extraction and Report Language, lugha ya vitendo ya kuchambua data na kutoa ripoti. Wall alitoa na cha pili, kinachotukana kwa upendo: Pathologically Eclectic Rubbish Lister, yaani mwenye maradhi ya kuokoteza kila kitu na kuorodhesha takataka. Vyote viwili vilitungwa ili kulihalalisha jina. Nimekutana na vitabu vinavyokitoa kile cha kwanza kana kwamba ndicho chanzo, na kila mara nahisi msomaji amenyimwa ile lulu.

Ufinyu wa Scheme na Forth ulikuwa wa mashine. Wa Perl ulikuwa wa jirani aliyewahi jina. Lakini tazama kilichofuata. Mnamo Februari 24, 1993, Yukihiro Matsumoto alikuwa akiandikiana ujumbe na mwenzake, Keiju Ishitsuka, kuhusu jina la lugha iliyokuwa bado haijaandikwa hata mstari mmoja. Perl ilikuwa imefungua njia ya vito, hivyo wakabaki na mawili: Coral na Ruby, marijani na yakuti. Matsumoto akachagua yakuti, jiwe la mwezi wa kuzaliwa la mmoja wa wenzake. Ndipo ikaja kuonekana kwamba katika orodha ya mawe ya miezi, lulu ni ya Juni na yakuti ni ya Julai. Mmoja amemfuata mwenzake bila kupanga.

## Baada ya C

Kama hoja yangu ingekuwa ni ufinyu tu, ingekwama kwa C. Hakuna mashine iliyomlazimisha mtu kuiita lugha kwa herufi moja.

Ukoo wake unajulikana. Uingereza kulikuwa na CPL, lugha kubwa iliyokuwa nzito kuitengeneza. Martin Richards, wa Cambridge, akaipunguza mwaka 1967 ikawa BCPL. Ken Thompson, wa maabara ya Bell Labs ya Marekani, akaibana tena ili iingie kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo mno, akabakiza, yaelekea, herufi moja ya jina: B. Dennis Ritchie alipoiongezea aina za data, kwanza aliiita NB, B mpya. Halafu ikawa C.

Sasa, C ni herufi inayofuata B kwenye alfabeti. Vilevile ni herufi inayofuata B kwenye jina BCPL. Katika makala aliyoiandika mwaka 1993 kuhusu chanzo cha lugha hiyo, Ritchie alisema aliliacha swali hilo wazi. Mrithi wa C angeweza kuitwa D, angeweza kuitwa P.

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi. Aliyekuwa na uwezo wa kufunga mjadala aliamua kuuacha mlango wazi, na nadhani alifanya hivyo kwa makusudi mema: jina lenye majibu mawili linamkaribisha kila msomaji ashike upande wake.

Bjarne Stroustrup alikutana na mlango huo miaka ya mwanzo ya 1980. Lugha yake ilikuwa inaitwa C with Classes, C yenye madaraja. Watu wakaanza kufupisha, wakawa wanasema "C mpya", na ile ya Ritchie ikageuka "C ya zamani". Akaona hiyo ni kuikosea heshima lugha iliyomzaa. Kwa miezi michache wakajaribu C84, jina baya la kiofisi. Mwaka 1983 ndipo Rick Mascitti akapendekeza C++.

Katika C, alama ++ ina maana ya kuongeza moja. Lakini mahali inapokaa pana uzito. Ukiandika ++C, namba inaongezwa kwanza ndipo unapewa. Ukiandika C++, unapewa namba ya zamani, na nyongeza inafanyika nyuma yako. Kwa hiyo jina hilo, likisomwa na kompaila, linasema: iboreshe C, ila kwa sasa tumia ile ya zamani. Stroustrup aliandika waziwazi kwamba wajuzi wa C huona ++C ingekuwa sahihi zaidi.

Mimi naona walilopata ni sahihi kuliko lile. Uamuzi mkubwa kuliko yote katika C++ ulikuwa kutoiacha C: msimbo wa zamani uendelee kufanya kazi, mwenye maktaba za C azitumie zilivyo. Lugha nzima imejengwa juu ya kukupa thamani ya zamani huku ikiongeza kitu pembeni. Wenye kuiona alama iko upande usio wake wameshika kanuni, na kanuni hiyo ndiyo inayolifanya jina liseme kweli.

Microsoft walipotoa C# mwaka 2000 walihamia kwenye muziki, ambako alama hiyo hupandisha noti nusu toni. Ukiitazama vizuri unaweza kuona pia ni alama nne za kujumlisha zilizopangwa mbili juu mbili chini, C++ iliyoongezwa tena. Alama halisi ya muziki ni nyingine kidogo, ♯, haipo kwenye kibodi nyingi, basi wakaweka # ambayo kila mtu anayo. Ufinyu umerudi kwa mlango wa nyuma.

Na D ikapatikana. Walter Bright aliita lugha yake Mars, lakini watu wakashindwa kujizuia kuiita D, na hilo ndilo lililobaki.

## Jina lisilo na makuu

Alan Kay aliandika kwamba zamani mifumo ya kompyuta ilikuwa ikibatizwa majina ya miungu, Zeus, Odin na Thor, na kwamba mifumo hiyo ilikuwa haifanyi lolote la maana. Alipokuwa kwenye kituo cha utafiti cha Xerox PARC mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliamua kwenda upande mwingine kabisa. Akaiita lugha yake Smalltalk, soga. Jina lisilotishia mtu, ili hata ikifanya jambo dogo zuri watu washangae kwa furaha.

Smalltalk ndiyo iliyoufanya msamiati wa vitu na madaraja uenee katika uandishi wa programu. Jina lake halikuahidi hata chembe ya hayo.

Nikilinganisha na majina ya kujigamba, naelewa kwa nini mchezo wa maneno ni njia ya heshima. Mtu anayekuletea chombo na kukiita kwa utani anakuambia ukijaribu kwanza, uhukumu baadaye. Wapo waliofika mbali zaidi: wanafunzi wawili wa Princeton, Donald Woods na James Lyon, mwaka 1972 walitunga lugha ambayo jina lake kamili kwa Kiswahili ni "Lugha ya Kompaila Isiyo na Kifupisho Kinachotamkika". Kifupisho chake, wakaandika, ni INTERCAL. Ndani yake lazima useme "tafadhali" mara kwa mara. Ukilisema mara chache kompaila inakukataa kwa kukosa adabu, ukizidisha inakukataa kwa kujipendekeza.

## Utani uliokuja kudai gharama

Rudi kwenye Java. Gosling alikuwa ameiita Oak, mwaloni, kwa sababu ya mti uliokuwa nje ya dirisha la ofisi yake. Jina hilo lilikuwa tayari ni alama ya biashara ya kampuni nyingine. Mwaka 1995 wakabadili, na kahawa ikaingia.

Ikishaingia haikutoka. Vifurushi vya msimbo vikaitwa JAR, mtungi. Vijenzi vyake vikaitwa Beans, punje. Mwaka huohuo Brendan Eich alitengeneza lugha ya kivinjari kwa siku kumi, na kabla ya kuitwa LiveScript na baadaye JavaScript, ilikuwa Mocha, jina la bandari ya Yemeni iliyosafirisha kahawa kwa karne nyingi. Wengine wakakumbuka kwamba Java ni kisiwa kwanza, kahawa baadaye: Kotlin, iliyotangazwa mwaka 2011, imepewa jina la kisiwa kilicho karibu na St Petersburg. Mwaka huohuo ikatangazwa Ceylon, kisiwa cha chai.

Hadi hapa ni raha tupu. Kisha ukaja mwaka 2017, Oracle, kampuni inayomiliki Java, ilipoamua kuikabidhi Java EE, ile Java ya mifumo mikubwa ya kampuni, kwa shirika la Eclipse Foundation. Msimbo ulitolewa. Jina halikutolewa. Watu wakapiga kura, na mwaka 2018 jina lililoshinda likawa Jakarta EE.

Jakarta ni mji ulio juu ya kisiwa cha Java.

Nililipenda sana jina hilo nilipolisikia. Hawakuruhusiwa kutaja kisiwa, wakataja mji wake mkubwa, na kila aliyehusika akaelewa. Lakini jina halikuishia kwenye nembo. Vifurushi vilivyoanza kwa javax navyo vilitakiwa kuhama, na katika toleo la 9, mwaka 2020, vikahama. Mstari kama huu:

import javax.servlet.http.HttpServlet;

ukawa hivi:

import jakarta.servlet.http.HttpServlet;

Neno moja. Sasa lizidishe kwa kila faili la kila mfumo uliojengwa juu ya teknolojia hiyo kwa miaka 20. Nimekaa na kazi ya kubadilisha mistari hiyo, nikikimbizana na maktaba ambayo imeshahama huku inayoitegemea bado haijahama, na katikati ya shughuli hiyo sikuwa na hamu ya kusikia lolote kuhusu visiwa.

Hapo ndipo shaka iliponiingia kweli. Mchezo wa maneno uliozaliwa na kizuizi cha kisheria ni ushindi mdogo kwa wanaoutunga, na bili inatumwa kwa watu ambao hawakuwepo kwenye kicheko. Bado naona Jakarta ni jina zuri. Ila siwezi tena kulitamka bila kukumbuka kwamba chini yake kuna mlango uliofungwa.

## Hakulipenda

Januari 1988, kamati ya watafiti ilikutana Chuo Kikuu cha Yale ili kuunganisha lugha nyingi za kifanksheni, zile zinazojengwa juu ya fanksheni kama za hisabati, kuwa moja. Wakaandika majina ubaoni, kila mmoja akiwa huru kufuta lisilompendeza. Likabaki Curry, la mwanamantiki Haskell Curry, aliyefariki mwaka 1982.  Usiku ule wawili wao wakaona mizaha ya bizari haitakwisha, maana curry kwa Kiingereza ni mchuzi wa bizari. Kesho yake wakachukua jina lake la kwanza.

Paul Hudak na David Wise wakapewa kazi ya kumwandikia mjane wake, Virginia Curry, kuomba ridhaa. Akaridhia. Ila baadaye alimwambia Hudak kwamba Haskell mwenyewe hakuwahi kulipenda jina la Haskell.

Nilipolisoma hilo nilisimamisha nilichokuwa nakifanya.

Kamati ililikwepa jina la ukoo ili kumwepusha marehemu na kejeli, ikaangukia jina alilolibeba maisha yake yote bila kulitaka. Leo hii linaandikwa na maelfu ya watu. Nadhani ni heshima, na nadhani angeshangaa.

Yapo majina ya watu yaliyokaa sawasawa. Ada, lugha iliyoagizwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilipewa jina la Ada Lovelace, mwanahisabati wa Uingereza, na kanuni yake ikapewa namba MIL-STD-1815. Yeye alizaliwa Desemba 10, 1815. Kanuni ilipitishwa Desemba 10, 1980. Siku zote nimeyachukulia majina ya kijeshi kuwa makavu, lakini huyu aliyeitafuta namba hiyo kati ya namba zote za nyaraka alikuwa na moyo.

## Jogoo, na wanaobaki nje

Kuna shaka nyingine, kubwa kuliko ya gharama.

Mchezo wa maneno una wenyewe. Guido van Rossum alipokuwa akianza lugha yake mwishoni mwa mwaka 1989 huko Amsterdam, alikuwa anasoma maandiko ya kipindi cha vichekesho cha BBC, Monty Python's Flying Circus. Alitaka jina fupi, la pekee, lenye fumbo kidogo. Python ikazaliwa, nyoka hakuwemo, ingawa neno lenyewe kwa Kiingereza ni chatu. Mifano ya msimbo ikatumia majina spam na eggs, kutoka kwenye kichekesho kimoja. Hifadhi ya programu zake ikabandikwa jina la utani Cheese Shop, kutoka kwenye kichekesho cha duka la jibini lisilo na jibini.

Wengi tulioijifunza hatukukitazama kipindi hicho. Tukaona nyoka, tukashika nyoka. Na nyoka akazaa ukoo wake: nembo yenye chatu wawili, Anaconda, PyPy yenye nyoka anayejing'ata mkia. Leo kuna nasaba mbili chini ya jina moja, ya waliocheka na ya waliokuja baadaye, na ile ya pili imeijenga lugha kwa bidii ileile. Hili lilinipunguzia shaka. Mtu aliyebaki nje ya utani alipata wa kwake.

Si mara zote inakuwa hivyo. Wafaransa walitengeneza programu ya kuthibitisha hoja za hisabati wakaiita Coq, jogoo. Ndani ya neno hilo kuna kifupi cha nadharia yake, Calculus of Constructions, na mwanzo wa jina la Thierry Coquand, mmoja wa walioianzisha. Lugha yake ya kuandikia wakaiita Gallina, kuku jike kwa Kilatini. Ni kazi safi. Lakini likitamkwa kwa Kiingereza, jina hilo linakuwa tusi la sehemu za siri, na watu walikuwa wanalitamka mbele ya wanafunzi, kwenye mikutano, kwenye maombi ya kazi. Wapo waliosema hadharani kwamba jina lilikuwa linawafanyia maisha kuwa magumu, hasa wanawake. Baada ya mjadala wa miaka, wamebadili. Tangu toleo la 9.0, mwaka 2025, inaitwa Rocq, ikikumbuka Rocquencourt, mahali ilipoanzia kutengenezwa.

Naunga mkono mabadiliko hayo bila kusita, japo jogoo namsikitikia. Mchezo wa maneno ukishamfanya mtu ainamishe uso anapotaja kazi yake, umeshakufa.

Na tazama: jina jipya nalo lina fumbo. Walibanwa, wakacheza tena.

Lua ndiyo ninayoitaja watu wakiniuliza mfano ninaoupenda. Roberto Ierusalimschy na wenzake wawili, wa chuo kikuu cha PUC-Rio, walikuwa na lugha iitwayo SOL, kifupi cha maneno ya Kiingereza ambacho kwa Kireno maana yake ni jua. Mwaka 1993 ilipokuja ya kuchukua nafasi yake, rafiki mmoja akapendekeza Lua, mwezi. Hapa Kiingereza ndicho kilichobaki nje, na hakuna aliyeumia. Wenye lugha wanaomba jambo moja kwenye tovuti yao: usiandike LUA kwa herufi kubwa, kwa sababu si kifupi cha chochote. Ni jina. Wametoa maelezo hayo kwa sentensi chache, na mgeni yeyote anaingia.

Python nao wamefanya hivyo. Kwenye nyaraka zao rasmi kuna swali kama ni lazima kukipenda kipindi cha Monty Python. Jibu ni hapana, ila inasaidia.

Ninachotamani ni maelezo ya namna hiyo yawepo kila mahali, yaandikwe na waliokuwemo chumbani. Swali la D au P tunalijua kwa sababu Ritchie aliliandika mwaka 1993. Alifariki mwaka 2011. Neno la Virginia Curry tunalijua kwa sababu Hudak na wenzake walilitia kwenye historia yao ya mwaka 2007. Hudak alifariki mwaka 2015. Kama umetengeneza lugha, hata ndogo inayotumiwa na timu yako peke yake, fungua faili la maelezo, README, sasa hivi uandike jina lilitoka wapi, nani alilipendekeza, na lipi mlilikataa.